S ya Kiswahili, V ya Vital

Raia wote wa Lubumbashi, wa mjini na wa pembezoni, wa Katuba na wa Hewa Bora, wanaarifiwa rasmi kwamba tovuti ya Leta, yaani ya Serikali, haikuharibika hata siku moja. Ilikuwa inasema lugha nyingine tu. Kati ya kuharibika na kusema lugha nyingine kuna tofauti kubwa, na mimi, Vital, Katibu wa Kudumu wa Divisheni ya Hati za Makazi, ndiye niliyeifafanua tofauti hiyo katika ripoti ya kurasa arobaini na moja. Ripoti ipo. Kama hamjaisoma, ni kwa sababu iliandikwa ili ihifadhiwe.

Lakini maneno yamezagaa sokoni, na maneno ya sokoni hayana muhuri. Kwa hiyo naeleza hapa mambo yalivyokwenda, kwa Kiswahili cha redio, ili hata watu wa mikoa mingine wanielewe.

Mwaka ule, mwezi wa saba, redio ilisema Katanga imekatwa vipande vinne, na sisi wa Lubumbashi tulikuwa sasa Haut-Katanga. Gavana hakuwepo tena. Komisere Maalumu wa kushika nafasi yake alikuwa bado Kinshasa akingoja ndege, au akingoja barua, au vyote viwili. Juu ya divisheni yetu alibaki Mungu peke yake, na Mungu hajawahi kutia saini faili. Katika biro, yaani ofisi, za jirani wakubwa walionekana wakibeba viti kupeleka nyumbani, ili kuvilinda. Mmoja aliulinda hata mlango.

Barabarani, askari walijikuta wanalinda mipaka ambayo hakuna mtu aliyewaonyesha. Wakafanya anachofanya askari mwema asipojua la kufanya: wakamsimamisha kila mtu. Dereva aliulizwa, "Wewe ni wa mkoa gani?" Akijibu Haut-Katanga, aliambiwa athibitishe. Uthibitisho ulikuwa cheti cha makazi, na cheti cha makazi kilitoka kwetu, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu, Jumatatu na Alhamisi.

Kufikia mwezi wa nane mstari wa watu ulishuka ngazi, ukatoka getini, ukapinda kona. Direktere wetu, Bwana Lucien Ngosa, aliutazama kutoka dirishani na kuona kwamba ulikuwa unaharibu sura ya jengo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la tovuti: watu waombe vyeti kwa simu zao, wakiwa kwao, mahali wasipoonekana.

Kazi hiyo alipewa Graciella, fundi wa ordinatere, yaani kompyuta, mwanamke wa Katuba, mtu wa mkataba. Mtu wa mkataba kwetu hana meza. Tulimpa nafasi katika chumba cha mifagio, naye aliweka mashine yake juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuimaliza tovuti kwa siku kumi na mbili. Hakuijenga tangu msingi. Alichukua kile mafundi wanachokiita kiunzi: ni kama nyumba iliyokwisha kusimamishwa na watu wa mbali, ikiwa na milango, madirisha, na hata maneno ya milangoni, "jina lako", "tuma", "futa", kwa lugha themanini. Wewe unahamia na vyombo vyako na kuchagua lugha. Katika faili ya mipangilio kuna mstari mmoja unaoiambia nyumba hivi: mgeni asipochagua lugha, msemeshe kwa hii.

Direktere hakukubali neno la mwisho la kazi ya Leta liandikwe na mtu wa mkataba. Aliamua mstari huo ujazwe na mamlaka yenyewe. Mamlaka ilikuwa inakula, kwa hiyo ilinituma mimi.

"Ni herufi mbili tu, Papa Vital," Graciella aliniambia, akinipisha kwenye ndoo. "Miye naenda kufunga kitambaa ya kuonyeshea."

Akatoka. Nikabaki na herufi mbili. Sikuhitaji kuuliza. Kila mtumishi wa Leta anajua maana ya herufi mbili: chini ya kila barua yetu kuna herufi ya jambo na herufi ya mhusika. Nikaandika S, ya Kiswahili. Nikaandika V, ya Vital. Nikahifadhi. Nilijisikia vibaya kutoweka muhuri, lakini kioo cha ordinatere hakishiki wino. Nilijaribu mara mbili.

Siku ya uzinduzi tulikuwa na hema, fanfare ya matarumbeta, viti vyenye vitambaa, na mapasta watatu mstari wa mbele. Direktere alikata utepe. Juu ya kitambaa cheupe likatokea neno moja kubwa: VÄLKOMMEN.

Kisha watu wakapiga makofi, kwa kuwa walialikwa kwa ajili hiyo. Pasta mmoja alisema "Amina."

"Valikomeni," Direktere alisoma kwa sauti ya heshima. "Yaani, karibuni."

Na hapo, bila kujua, alisema kweli. Ndiyo tafsiri sahihi pekee iliyotolewa na divisheni yetu mwaka ule.

Graciella alipenya kati ya viti hadi nyuma ya sikio lake. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Shefu, hii haiko Kiswahili. Iko Kiswidi, luga ya ku Suède, kule kwa baridi. Ni langue par défaut tu. Muniachie nibadilishe herufi moja, V ikuwe W, dakika haiishe."

Direktere hakugeuka. Shingo yake ndiyo iliyogeuka rangi.

"Umesema par nini?"

"Par défaut, Shefu."

Kwa wasiojua Kifaransa: langue par défaut ni lugha ambayo mashine inaishika kama hakuna iliyochaguliwa. Lakini neno défaut, peke yake, likitembea njiani bila wenzake, ni kasoro.

"Mbele ya bantu?" alisema Direktere kwa mnong'ono uliofika mstari wa nne. "Mbele ya bapasta? Unasema Leta iko na défaut?"

"Hapana, Shefu, ni vile banaiita mu kazi yetu..."

"Nani banaiita? Ubaambie: Leta haina défaut. Leta iko na ma-défis. Défis, ndiyo. Défaut, hapana."

Défis, kwa wasiojua, ni changamoto. Fanfare ikapiga. Kesho yake asubuhi iliundwa Komisyo ya Kuchunguza Kasoro Isiyokuwepo, wajumbe tisa, mimi katibu. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba hakuna mtu kuigusa ile herufi mpaka komisyo imalize kazi, kwa kuwa herufi ilikuwa kielelezo. Uamuzi wa pili ulikuwa wa chai.

Alhamisi ya wiki ile alikuja Mama Kahambu.

Nimweleze vizuri, maana wengine wamemchora kama mtu wa fujo. Ni mwanamke wa Butembo, mwenye depo ya maharagwe na samaki wakavu pale Hewa Bora, kwa jumla. Mtu wa kwaya, mtu wa sauti ya chini. Mume wake, Israël, ndiye anayeendesha kamyo yao kwenda Kilwa yetu, ile ya ziwani na si ya pwani ya bahari, na kurudi. Aliingia biro kwangu bila kukaa.

"Papa, bwana yangu banamushika ku baryere ya askari, njia ya Kilwa. Leo siku ya tano. Iko na malaria. Analala chini ya kamyo. Banamuomba ile attestation ya makazi. Munipe, niitume."

"Mama, karatasi tuliifuta kwa waraka," nikamwambia. "Muhuri umefungiwa. Sasa tunayo tovuti."

"Niliingia ku site. Inanisemesha maneno siyajue hata ni ya wapi."

"Ulibonyeza wapi?"

"Pale pakubwa. Palipoandikwa Avbryt. Mara sita."

Nikafungua daftari la mashine, nikaona. Maombi sita, yote kwa jina la Israël. Tulikuja kujua baadaye kwamba Avbryt kwa Kiswidi ni "futa". Siku ile nilimjibu kwa mujibu wa daftari, kwamba maombi yake yote sita yalikuwa yameshughulikiwa.

"Sasa iko wapi?"

"Yameshughulikiwa, Mama."

"Papa," akasema, na sauti yake ikashuka zaidi. "Muntu iko nakufwa kule."

Graciella alikuwa amesikia. Alitoka chumba cha mifagio mkono mmoja ukiwa bado na panya ya ordinatere, waya unaburuta sakafuni.

"Papa Vital, ni herufi moja. Munione tu, nitaifanya mbele ya macho yenu."

"Herufi ni kielelezo."

"Herufi ni W!"

Nikasimama mlangoni mwa chumba cha mifagio. Mimi ni mtu mwembamba, lakini nikisimama mlangoni kwa niaba ya Leta, mlango unajaa. Mama Kahambu alikifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya, akakifungua tena, akakifunga. Kisha akatoka. Sikuliandika hilo kwenye ripoti. Fomu haikuwa na safu yake.

Komisyo ilimhoji Graciella Ijumaa. Ilikuwa ni lazima kujua kasoro ilitoka wapi ili ithibitishwe kwamba haikuwepo.

"Baba yako alizaliwa wapi?" Direktere alimuuliza.

"Lubumbashi."

"Na babu?"

"Lubumbashi, ku Katuba. Alikuwa fundi wa reli."

"Na baba ya babu?"

Graciella alitazama dari. "Kasai."

"Tumefika," alisema Direktere, na mimi nikaandika: *tumefika*. Huku kwetu, mwenye asili ya Kasai huitwa mgeni hata baada ya vizazi vitatu.

Baada ya hapo wajumbe walijadili neno lenyewe kwa saa nne. Mjumbe mmoja alipendekeza lugha iitwe *lugha ya dharura*. Mwingine akasema dharura inatisha watu. Mwisho wakakubaliana kwamba neno baya litolewe ndani ya faili, na mstari ule upewe jina jipya, la heshima: *langue par honneur*.

"Mukubali niseme neno," alisema Graciella. "Ile jina haiko yetu. Ni ya kiunzi. Njo jina anajua. Mukiibadilisha, hatamusikia tena. Atarudia ku luga yake ya kuzaliwa."

"Lugha gani?"

"Kingereza."

Direktere alitia saini. Mimi nikaandika jina jipya kwa mkono wangu, nikahifadhi, na baada ya kupepesa macho mara moja VÄLKOMMEN ikaondoka na WELCOME ikakaa mahali pake.

Chumba kiliingiwa na hofu, na naomba msomaji aielewe hofu hiyo. Kiswidi hakina mpaka na sisi. Kiingereza kinao. Zambia ni mwendo wa asubuhi moja. Mkoa ulikuwa vipande vinne, hakuna gavana, na sasa tovuti ya Leta yenyewe ilianza kusema kama watu wa ng'ambo ya forodha. Mjumbe mmoja aliuliza kama tunapaswa kuarifu jeshi. Mwingine aliuliza, kwa sauti ndogo, kama tunapaswa kujifunza.

Graciella alisimamishwa kazi saa nane mchana. Kosa lake, kama lilivyoandikwa, ni *kuijulisha mamlaka jambo kabla halijatokea*.

Alibeba mfuko wake na kikombe chake. Aliiacha ndoo imesimama wima, kama alivyoikuta.

Biro yangu inaangalia barabara, na dirisha lake halina kioo tangu mwezi wa sita, kwa hiyo naweza kushuhudia yaliyofuata kwa uaminifu wote. Mama Kahambu alikuwa bado pale nje tangu jana, amekaa kwenye ukingo wa barabara, simu mkononi, kama mtu anayengoja mashine imwonee huruma. Graciella alisimama mbele yake. Nilidhani atampita. Hakumpita, alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake nzuri ya kazini.

"Mama, unipe simu. Unaona? Ile luga ya Leta inakushika tu kama wewe haukuchagua. Ukichagua wewe mwenyewe, yeye anakwenda pembeni. Haina kuomba ruhusa. Hapa, ku mwisho wa adresi, tia kistari, ile yenye kuinama. Sasa tia s. Sasa tia w."

Mama Kahambu alitia. Sikuuona uso wa simu, niliuona uso wake.

"Inasema Karibu," alisema.

"Njo vile."

"Inasema *Jina lako*." Akaanza kucheka, na kicheko kikamharibikia katikati, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Eh, Mungu. Herufi mbili tu? Siku sita zote hizi?"

"Jaza, Mama. Utalia ukimaliza."

Cheti kilitoka kabla ya chai yangu kupoa. Namba yake ilikuwa ya kwanza katika historia ya tovuti yetu, na ninaiheshimu, ingawa ilipatikana kwenye vumbi.

Kukifikisha kulikuwa kitu kingine. Pale kwenye kizuizi mtandao haushiki chini. Unashika juu ya kichuguu, na kichuguu cha huku kwetu ni kirefu kuliko nyumba. Askari mwenye simu hupanda mara moja kwa siku, asubuhi, kabla ya jua kali. Kwa hiyo Israël alilala chini ya kamyo siku nyingine tatu, kwa sababu askari huyo alikuwa amekwenda msibani. Siku ya tisa alirudi, akapanda, simu ikalia, akashuka, akasoma, akasema, "Kumbe wewe ni wa hapa," na kufungua mti wa kizuizi.

Nilimwona Israël wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mke wake, koti limefungwa hadi kidevuni katikati ya joto la mchana, alama ya sindano ya dripu juu ya mkono. Alinisalimia vizuri. Katika ripoti ya wiki niliandika: *Mnufaika mmoja ameonekana, ana afya ya kuridhisha.*

Mnataka kujua alikuwa anafanya nini pale kwenye kigoda. Nami nafika.

Mama Kahambu hakurudi depo kuuza maharagwe. "Na bale bengine?" alikuwa amemuuliza Graciella. Israël alikuwa amemwambia kwamba kizuizini waliachwa madereva kumi na mmoja, na mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Basi Mama Kahambu alileta meza kutoka depo, mwavuli wa sokoni, na viti viwili, akaviweka ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na geti letu. Graciella alikaa nyuma ya meza hiyo. Hiyo ilikuwa meza yake ya kwanza katika utumishi wa umma.

Watu wa mstari wetu waliwatazama siku moja. Siku ya pili mstari ulivuka barabara wenyewe.

Wanawake hao wawili hawakuwafanyia watu kazi, waliwafundisha. "Tia kistari. Tia s. Tia w." Aliyefundishwa alikwenda akamfundisha jirani. Kule Katuba mafundi cherehani waliandika kwa chaki juu ya mbao zao, chini ya bei za suti, *TIA /SW*. Mwalimu mmoja aliwaimbisha watoto. Binti yangu mwenyewe alirudi kutoka shule akiimba, nikamwambia anyamaze, akaniuliza kwa nini, nikamwambia kuna komisyo.

Direktere hakukaa kimya. Alitoa waraka, na nauweka hapa kwa sababu ni mimi niliyeuandika na naona bado unasimama vizuri: *Ni marufuku kwa raia kuchagua lugha kabla Leta haijamaliza kuichagua.* Tuliubandika getini. Watu waliusoma wote, kwa kuwa ulikuwa upande wenye kivuli, na mtu mmoja akaongeza chini yake, kwa kalamu nyekundu, kistari na herufi mbili.

Mwezi wa kumi Komisere Maalumu alifika. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi cha vumbi, na sanduku lake lilikuwa bado na karatasi ya uwanja wa ndege. Aliomba kila divisheni impe hesabu ya kazi iliyofanyika tangu mwezi wa saba. Divisheni ya barabara ilileta sifuri. Divisheni ya mashamba ilileta sifuri na barua ya kueleza sifuri. Sisi tulileta vyeti elfu nne mia tatu na kumi na viwili.

Alikuja mwenyewe.

"Bwana Direktere," alisema, "katika mkoa mzima ninyi ndio mliofanya kazi. Iliwezekanaje?"

"Kwa uongozi, Mheshimiwa," alisema Direktere.

"Nionyesheni."

Tukampeleka chumba cha mifagio. Direktere aliketi juu ya ndoo, ambayo tulikuwa tumeifunika kitambaa cha bendera, na kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi akaigusa tovuti. Ikamsemesha Kiingereza. Direktere ni msomi, lakini usomi wake ulipitia Ubelgiji. Alitazama. Alijaza jina lake mahali pa anwani, na cheo chake mahali pa jina. Alibonyeza pale pakubwa. Karatasi ikawa nyeupe. Akajaza tena. Akabonyeza tena. Ikawa nyeupe tena.

"Inashughulikia," nilimweleza Komisere.

Lakini Komisere alikuwa hasikilizi. Kupitia dirisha langu lisilo na kioo ilikuwa inaingia sauti ya watu wengi wakisema pamoja, bila haraka, kama wanaojibu sala: kistari, s, w. Alikwenda dirishani. Kisha akashuka ngazi, akavuka barabara, akasimama kwenye mstari nyuma ya mwanamke mwenye kikapu cha muhogo, na alipofikiwa, Mama Kahambu akamwambia bila kuinua kichwa, "Papa, utoe simu. Unataka luga gani?"

"Kuna kuchagua?" aliuliza Komisere.

"Iko kuchagua tangu zamani," alijibu Graciella. "Hakuna mwenye alituuliza."

Walizungumza karibu saa nzima. Mimi na Direktere tulitazama kutoka juu. Mara moja Komisere alicheka, mara moja alifuta uso kwa leso, na Israël alimpisha kigoda. Aliporudi alikuwa na swali moja tu.

"Nani aliandika *sv*?"

Nilijibu kwamba ilikuwa kazi ya pamoja.

Hakutufokea. Baadaye nilitamani angetufokea. Alitoa amri ya kawaida, kwa divisheni zote: kila mtumishi aingie kwenye tovuti kabla ya Jumapili na kuchagua kituo chake cha kazi katika mkoa mpya. Vituo viliorodheshwa. Mtu alitakiwa kubonyeza mara moja.

Direktere aliona amri hiyo haimhusu. Mtu wa ngazi yake hachagui, huteuliwa. Na anayeteuliwa huletewa barua, nyumbani, na dereva. Zaidi ya hayo, waraka wetu wa kukataza kuchagua ulikuwa haujafutwa, na Direktere si mtu wa kuvunja waraka wake. Nami, kwa nidhamu ya ngazi, sikuweza kuchagua kabla ya mkubwa wangu. Jumamosi mke wangu, Marceline, aliniwekea simu mbele ya sahani ya bukari na sombe.

"Vital, bonyeza. Lubumbashi iko juu kabisa."

"Kuna utaratibu," nikamwambia.

Aliiondoa simu, kisha akaiondoa sahani.

Jumatatu orodha ilibandikwa ukutani. Graciella: Lubumbashi, Mkuu wa Huduma ya Tovuti, pamoja na meza, na kiti, na chumba chenye dirisha zima. Wengine wetu, Likasi, Kasenga, Kipushi, kila mtu alipochagua. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, ambao Direktere aliufuata kwa kidole: *Watumishi ambao hawakuchagua kituo wanapelekwa Kilwa, par défaut.*

Majina yalikuwa mawili.

"Andika barua ya kupinga," aliniambia.

Nikaandika. Lakini ili kupinga ilibidi tuseme kwamba katika amri ya Leta kuna défaut, na tulikuwa na kurasa arobaini na moja, zenye saini ya Direktere mwenyewe, zinazothibitisha kwamba Leta haina défaut. Nilianza barua mara tatu. Mara zote tatu ilikufa kwenye neno lile lile. Direktere alizisoma zote, akazikunja vizuri, akaziweka mfukoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilimwona kama mtu aliyezeeka.

Kwenda Kilwa si jambo la kila siku. Barabara ikiwa nzuri ni mbaya. Wiki ile gari lililokuwa linakwenda lilikuwa moja tu, na lilikuwa kamyo ya Mama Kahambu, imejaa unga wa mahindi, na nyuma kabisa mbuzi saba waliokuwa wanapelekwa harusini. Israël alikuwa amenenepa tena kidogo. Alitupokea masanduku yetu kwa mikono miwili, kama anavyopokea mzigo wa mtu yeyote.

"Ba Papa," alisema, "mbele kuna mama mwenye mimba, nilimupatia nafasi. Kunabaki juu ya mifuko ya bunga, kule kuna upepo lakini jua inapiga. Ao nyuma, na mbuzi, kivuli iko. Munachagua wapi?"

Direktere alitazama mbali, juu ya paa za mji, kama mtu anayengoja pendekezo lije kwa maandishi. Nilimweleza Israël kwamba Direktere alikuwa anaichunguza faili.

"Hakuna shida," alisema Israël. Alizunguka kamyo akipima magurudumu kwa mguu. Alikunywa maji. Alirudi, akatutazama tena, kwa adabu zote, na sisi tulikuwa bado tumesimama pale pale na makoti yetu.

Basi akafungua mlango wa nyuma, akapanda, akainama, na kumsogeza mbuzi mmoja taratibu upande wa pili.

"Pardon, mukubwa," alisema.

Nilifikiri anasema na Direktere. Alikuwa anasema na mbuzi.